Profesa Asiyepatana Bei

Siku ya kwanza Profesa Albertine Mwelwa alipoingia katika depo yangu ya vyombo vya plastiki pale Bel-Air, Lubumbashi, alinivuruga akili. Aliuliza bei ya chupa tupu za plastiki, zile za nusu lita. Nikaitazama miwani yake, nikavitazama viatu vyake, nikataja bei mara mbili ya ile ya kawaida, kama anavyofanya mfanyabiashara yeyote mwenye akili zake akiona miwani. Bei ile si ya kulipwa. Ni ya kufungulia mazungumzo. Mteja anashtuka, anasema, "Papa, unataka kuniua?" Mimi nashuka kidogo, yeye anapanda kidogo, tunakutana mahali, na kila mmoja anarudi kwake akiamini kwamba amemweza mwenzake.

Yeye akafungua mkoba, akalipa.

Nikabaki na bei yangu ya pili mdomoni, sina pa kuitema. Mimi Mumbere, mtu wa Butembo, nilianza na mabeseni kumi kando ya barabara, na kwa miaka ishirini ya kuuza sijaona mtu mzima na timamu akilipa bei ya kwanza. Nilijisikia kama niliyeiba sahani ya sadaka. Basi nikaokota chupa tatu nyingine, nikazitumbukiza katika mfuko wake.

"Hizi ni za nini?" akauliza.

"Matabishi, Mama."

Hakuna mtu wa Lubumbashi asiyejua matabishi: ni kile kidogo ambacho muuzaji anaongeza juu ya ulicholipia, ili kesho miguu yako ikumbuke njia. Lakini yeye akatoa daftari, akaandika mbele yangu: chupa arobaini, jumlisha tatu.

Jasho likanitoka. "Mama iko mutu wa impôts, wa kodi?"

"Hapana, Papa. Miko mwalimu wa mayi na udongo. Minaandika kila kitu, ni ugonjwa."

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Anafundisha chuo kikuu uhandisi wa mazingira, na kazi yake kubwa ni kutafuta uchafu wa madini unaojificha katika maji na katika mboga: shaba, kobalti, kadimiamu na ndugu zao. Ana gari kuukuu lenye matope mengi ndani kuliko nje. Nyuma ya gari kuna buti za mpira, jembe dogo na sanduku la barafu alilonunua kwangu, hilo nalo kwa bei ya kwanza. Wanafunzi wake wanamwogopa. Wauza mboga wanampenda kama Noeli.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikamwuliza kwa nini hapatani bei, kwani hata mshahara wa profesa sisi tunaufahamu. Akaketi juu ya gunia langu la ndoo, akanieleza. Alizaliwa Sakania, mji mdogo wa reli kule mpakani, baba yake mfanyakazi wa reli. Mama yake alilima vitunguu kando ya reli, na yeye mtoto ndiye aliyevikimbiza kwenye madirisha ya treni. Abiria walikuwa wakipatana bei polepole, kwa raha zao, mpaka treni ianze kusogea. Hapo mtu anavuta vitunguu ndani, anatupa sarafu yoyote nje, na mtoto anabaki akiokota katikati ya mawe.

"Mara moja abiria mmoja alinitupia kifungo cha koti," akasema. "Nikaapa: mi sitapatana na muuzaji hata siku moja."

Nilimwambia kiapo hicho ni kizuri kwa mtu mwenye treni yake. Alicheka. Hakubadilika.

Sasa sikiliza jinsi kiapo hicho kilivyokaribia kumnyang'anya Mama Mapalo shamba lake.

Mama Mapalo ni mteja wangu wa zamani. Watu wake walikuwa hapa kabla ya mgodi na kabla ya mji. Ana bustani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, nyuma ya Bel-Air, na kisima alichokichimba mwenyewe, na meza yake iko sokoni, hatua chache kutoka depo yangu. Asubuhi moja akaja, akapiga juu ya kaunta yangu aroswari mpya, ile ya kumwagilia, aliyoinunua siku mbili nyuma.

"Papa Émerance, unirudishie franga yangu." Ananiita hivyo kwa jina la binti yangu mkubwa, hasa akitaka kitu.

"Aroswari iko na tundu?"

"Aroswari iko muzuri. Njo shamba inakufa."

"Inakufa na nini?"

"Na ule mama yako wa miwani! Amepaka shamba yangu rouge ku karte yake. Rouge! Kama midomo ya bibi-arusi!"

Nikaelewa uzito wake. Chama cha wakulima wa bustani kilikuwa kimemwomba Profesa achore ramani ya bustani zote za upande wetu: kijani kwa mboga salama, manjano kwa zile za kuangaliwa, nyekundu kwa zile zenye madini kupita kiasi. Na kilikuwa kimekubaliana mapema, kwa mikono kuinuliwa, kwamba shamba lenye nyekundu litang'olewa na kulazwa misimu miwili. Ramani ingesomwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Na hapa kwetu shamba la kando ya mji likilala misimu miwili, haliamki. Utakuta mtu ameshapanga matofali.

"Mayi ya kisima yangu alipima yeye mwenyewe, akasema iko muzuri," akaendelea. "Udongo akapima, akasema iko muzuri. Halafu ananunua lengalenga yangu ku meza, anaenda nayo ku labo, anarudia: rouge! Mara ine! Sasa unielezee, weye mwenye kujua kuhesabu. Ile sumu iliingia na mulango gani?"

Sikumrudishia pesa. Depo yangu haina dirisha la kazi hiyo. Lakini swali lake lilibaki limekaa juu ya kaunta hata baada ya yeye kuondoka na aroswari yake.

Kesho yake Profesa akaja kuchukua chupa, sura imemshuka.

"Mama Mapalo amenifungia bustani," akasema. "Ameweka kufuli. Amesema mutu wa rangi hataingia tena."

"Na anasema ukweli? Maji safi, udongo safi, mboga chafu?"

"Njo inaniumiza kichwa, Papa Mumbere. Mmea hauwezi kutoa kitu ambacho udongo hauna. Nilifikiri vumbi la barabara, lakini majani tunayaosha kwanza, kama mama yeyote nyumbani. Nilifikiri mashine ya labo, tukaipima mashine. Mara ya kwanza ningesema bahati mbaya. Lakini mara ine?"

"Na majani kwa nini hukuyakata shambani?"

"Kwa sababu watu hawali shamba. Wanakula kile kinachotoka ku meza."

Nikamhesabia chupa zake, akalipa bila kupatana, na mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaenda kutafuta matabishi. Haukwenda kwenye katoni ile ile. Ulikwenda chini ya kaunta, kwenye katoni ya chupa zenye vifuniko vibovu, zile ambazo mteja anayelipa angezikataa.

Mkono ukasimama hewani.

"Prof," nikasema, "Mama Mapalo anakupatiaka matabishi?"

"Sana! Karibu sawa na nilicholipa. Namwambia inatosha, hasikii."

Bila shaka hasikii. Mtu anayelipa bei ya kwanza anamlemea muuzaji rohoni, lazima amtulize kwa kumwongezea.

"Na matabishi ile inatoka wapi?"

"Hapo hapo. Ku meza yake."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Miaka yote ya shule, na hakuna aliyemwambia. "Prof, hakuna muuzaji anayetoa matabishi kwenye kitu chake kizuri. Hata mimi. Angalia vifuniko vya chupa nilizokuwa nakuongezea tangu mwanzo."

"Ndiyo maana zilikuwa zinavuja," akasema.

Tukaenda sokoni. Nikamwacha kwa wauza samaki, mimi nikazunguka nyuma ya meza ya Mama Mapalo, nikajifanya naangalia viatu vya mitumba. Mwanamke mmoja akaja, akanunua mafungu mawili. Mama Mapalo akayatoa katika beseni lake, majani madogo, laini, yenye umande. Halafu mkono ukashuka chini ya meza, ukaingia katika gunia, ukatoka na majani makubwa kama masikio ya tembo. Akafungua kamba za mafungu, akayaweka yale makubwa katikati, akafunga yote upya kwa kamba ya mgomba, kifurushi kimoja kizuri, cha ukarimu. Mteja akaondoka akimbariki.

Kifurushi kikishafungwa hivyo, hata mwenyewe hawezi kutenganisha.

Gunia lile nililijua. Ni la Donat, kijana wa baisikeli, anayeleta majani ya bei ya chini kabisa kutoka bustani za kando ya mfereji, kule chini watu wanapooshea mawe ya madini. Bustani zile zilikuwa nyekundu kwenye ramani tangu mwezi wa kwanza, na kila mama sokoni alikuwa anaapa hauzi mboga ya mfereji. Na kweli, hakuna aliyekuwa anaiuza. Walikuwa wanaitoa bure.

Nikaona njia fupi ni kumwuliza. Nikasogea mbele ya meza.

"Mama Mapalo, matabishi yako inatoka ku shamba gani?"

Wateja watatu walikuwa wamesimama pale. Hilo lilikuwa kosa langu.

"Kwangu!" akapaza sauti. "Yote kwangu! Unataka kusema mi nalishaka bantu bitu bya mufereji? Papa Émerance, uza ndoo zako!"

Basi. Angeapa hivyo hivyo mbele ya chama, na shamba lingeenda. Ilibaki kupata fungu moja lisilo na matabishi ndani, na kulipima.

"Nitamwambia sitaki matabishi," akasema Profesa tulipokuwa tunarudi.

"Kukataa matabishi ya mtu aliyekukasirikia? Afadhali umpige kofi."

"Sasa nifanye nini?"

"Kuna mteja mmoja tu asiyepewa matabishi: yule aliyebana bei mpaka mfupa. Mimi ameshanifukuza. Prof, itabidi upatane wewe."

Akageuka rangi. Akataja Sakania, akataja kifungo cha koti. Nikamwambia kifungo kile kimeshalala kwenye mawe miaka arobaini, lakini lengalenga ya Mama Mapalo ina siku kumi tu. Tukafunga mlango wa depo, nikamfundisha. Kwanza, shangaa bei hata kama ni nafuu. Pili, tafuta kasoro ya bidhaa. Tatu, ondoka. Yeye akayaandika yote kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye viatu vya mitumba tena.

"Bonjour, Mama Mapalo."

"Bonjour, Mama Rouge." Majirani wakacheka.

"Fungu ni ngapi?"

"Bei unaijua."

Profesa akatazama kiganja. "Eh! Ni mingi!" Sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayeungama. "Na hii lengalenga… hii lengalenga iko… iko na majani mingi sana."

"Lengalenga iko na majani!" Mama Mapalo akawageukia majirani. "Mulisikia? Ulitaka ikuwe na magamba?"

"Mi natoa nusu."

"Nusu! Unanipaka rouge, halafu unataka kunikula na mifupa? Nusu ya nini? Ya kichwa yako?"

Profesa akatazama tena kiganja, akaondoka. Lakini somo la kuondoka linasema uondoke polepole, ukiacha sikio nyuma. Yeye aliondoka kama mtu anayekimbilia treni. Akawapita wauza samaki, akawapita wauza chumvi, na kama nisingemkimbilia na kumshika mkono angefika mjini. Nikamrudisha. Akasimama mbele ya meza akihema, akasema neno moja: "Nusu."

Nadhani ni ule uso uliomshinda Mama Mapalo.

"Chukua! Chukua na ile nusu yako! Lakini matabishi usiiote. Hata jani moja. Hata kamba!"

Profesa akayapokea majani kwa mikono miwili, akatabasamu hadi meno ya nyuma. "Merci, Mama! Merci mingi! Asante sana sana!"

"Ule mama amegonjwa," Mama Mapalo akamwambia jirani yake, kwa mara ya kwanza akiwa na wasiwasi. "Bantu bakimutukana, anafurahi."

Mimi nikaenda kununua fungu kwa Donat, na sitaeleza nilivyopatana, maana kijana bado yuko hai na ana aibu zake. Profesa akayabeba mafungu mawili katika mifuko miwili. Huko labo wanayakausha, wanayasaga, wanayayeyusha kwa asidi, halafu mashine inayasoma. Ilichukua wiki nzima. Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, akafika depo kabla sijafagia.

"Ya Mama Mapalo ni kijani," akasema. "Ya Donat, Papa Mumbere, unaweza kuiuza kwa wanunuzi wa madini."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Mara ine nilisema nyekundu, sasa mara moja nasema kijani. Chama kitasema amenihonga mboga. Lazima mwenyewe aseme matabishi yanatoka wapi."

Nikaenda kwa Mama Mapalo. Safari hii nilisubiri meza iwe tupu. Nikamweleza yote, kwamba shamba lake ni safi, na kwamba kilicholipaka nyekundu ni gunia lililo chini ya miguu yake. Akalisukuma gunia kwa kisigino, kama linaweza kwenda lenyewe.

"Nikisema vile, ba-client bangu batanionaje? Miaka yote banasema: Mama Mapalo iko na mukono wazi."

"Usiposema, utakuwa na mkono wazi na shamba la matofali."

"Papa Émerance, weye uko mutu mubaya."

"Kesho saa tatu," nikasema.

Ukumbi wa komini, manispaa yetu, ulijaa. Kiongozi wa chama, Papa Kalaba, mwenye bustani ya nyanya na sauti ya kengele, akampa Profesa nafasi. Profesa akabandika ramani ukutani. Bustani ya Mama Mapalo ilikuwa bado nyekundu. Akaigeukia akasema, "Hapa nilikosea."

"Prof anakosea?" akasema Papa Kalaba. "Sasa siye tuende wapi?"

Akafungua daftari lake, akasoma. Mafungu matatu, jumlisha matabishi. Mafungu matatu, jumlisha matabishi. Mara nne. "Nililipima kila fungu kwa mizani. Hata siku moja sikuuliza ile jumlisha inatoka wapi. Nilipoleta fungu bila jumlisha, lilikuwa safi."

"Lakini matabishi inatokea ku shamba moja na mboga," Papa Kalaba akasema. "Ama?"

Vichwa vyote vikageuka. Mama Mapalo alikuwa mstari wa pili, na nitamsifu kwa hili: hakungoja aitwe. Alisimama kama anayeinua ndoo iliyojaa.

"Matabishi ni ya Donat," akasema. "Ya ku mufereji."

Ukumbi ukalipuka. "Miaka yote ile!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Mi nabariki jina yako ku meza ya chakula, kumbe unanilisha mukuba, unanilisha shaba!" Mwingine akasema atatapika mwaka wa jana wote.

Mama Mapalo akangoja wachoke, mikono kiunoni. Halafu akasema, "Muzuri. Niko na kosa. Sasa muntu mwenye kupatiaka matabishi ya kitu yake ya muzuri, asimame."

Akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Asimame, tumuone."

Wauza mchicha wakatazama dari. Wauza nyanya wakatafuta kitu sakafuni. Papa Kalaba, ambaye matabishi yake ni nyanya zenye jicho jeusi, na mji mzima unajua, akaanza kupanga karatasi zake. Mimi nilivitazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi.

"Voilà, munaona," akasema Mama Mapalo, akaketi.

Profesa akachukua kalamu ya kijani, akaipaka bustani ya Mama Mapalo mpaka wino mwekundu ukawa kahawia, rangi ya udongo. Mkutano ukaamua kwa mikono kuinuliwa kwamba tangu siku ile matabishi yatoke beseni moja na bidhaa. Ni uamuzi mgumu kuliko yote niliyowahi kuona chama kikiyafanya, na nadhani baadhi yao wanaufuata. Watu wa mfereji walishauriwa wapande kitu kisicholiwa, na sasa Donat anapita na baisikeli iliyosheheni maua ya harusi. Anauza ghali. Matabishi hatoi.

Aroswari haikurudi depo yangu. Lakini wiki iliyofuata nilipita kwa makusudi kumwona Profesa akinunua. Aliuliza bei, akashangaa bila kutazama kiganja, akaitafutia lengalenga kasoro mbili za kweli, akaondoka hatua nne tu, taratibu, sikio akiliacha nyuma. Akaitwa. Walipatana. Alipolipa hakuondoka. Alisimama pale na mfuko wake wazi, akingoja.

Mama Mapalo alimtazama. Akatazama beseni lake, majani yake mwenyewe, ya maji ya kisima chake. Akachukua jani moja, akalitia katika mfuko. Akachukua la pili, akalishika kidogo, akalipasua katikati, nusu akaitia, nusu akairudisha.

Profesa akatoa daftari. Mafungu matatu, akaandika, jumlisha moja na nusu.